Kibati cha Koplo Kondo

Siku ya nne ya majadiliano, Wakili Nanyaro wa upande wa jiji aliomba ruhusa ya kuwasikilizisha wajumbe kitu. Aliomba kwa upole, kama kawaida yake. Hata siku ya kwanza, alipotangaza kwamba jiji linataka wazimamoto wastaafu wakiwa na miaka sitini na mitano badala ya hamsini na mitano, alitangaza kwa upole uleule, kisha akauliza kama chai imewatosha wote.

Veneranda Kihwele hakuwa na wasiwasi. Siku tatu nzima alikuwa amembana yule bwana kila kona. Veneranda alikuwa sajini wa Kituo cha Kati na mwenyekiti wa chama cha wazimamoto wa Jiji la Pangamawe, mama wa miaka hamsini na minne na miezi minane, na moshi aliokwisha kuumeza ulimtosha. Jana yake alikuwa amemsimamisha mzimamoto mwenzake, Mzee Ngajilo, mbele ya msuluhishi, akamwomba apande ngazi za jengo, ghorofa mbili tu, halafu arudi azungumze. Mzee wa watu alirudi, akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Watu walingoja mpaka kikaisha, na kilichukua muda.

"Huyu ana hamsini na mitatu," Veneranda alisema. "Mnataka apande ngazi miaka kumi na miwili zaidi, tena na mtungi wa hewa mgongoni?"

Msuluhishi, Bi. Apaikunda, jaji mstaafu asiyecheka ovyo, aliandika sana siku hiyo. Kwa hiyo leo Veneranda alikuwa amekuja na moyo mweupe, akijua kwamba jambo limekaribia kwisha.

Nanyaro akabonyeza kitufe.

Vikasikika viatu vya watu wanaojipanga kwenye sakafu ya saruji. Kisha Mkuu wa kituo akaanza kuita majina ya asubuhi. "Konstebo Mwasaga?" "Nipo, afande!" "Sajini Kihwele?" "Nipo, afande!" "Koplo Mtulia?"

"Nipo, afande!"

Sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu aliyeamka na furaha zake. Veneranda aliijua kabla haijamaliza neno.

"Hiyo ni jana," Nanyaro alisema. "Na ninazo nyingine zaidi ya elfu moja. Mheshimiwa Msuluhishi, chama kinadai mafao ya mjane wa Koplo Kondo Mtulia, kwamba alikufa katika moto wa ghala la pamba miaka mitatu iliyopita. Chama hichohicho kinasema mwili wa binadamu hauiwezi kazi hii baada ya miaka hamsini na mitano. Nakubali kabisa. Mwili upumzike. Lakini Koplo Mtulia ametumikia miaka mitatu bila mwili. Ameokoa watu kumi na mmoja. Wenzake wenyewe wanamwita kila asubuhi, naye anaitika. Jiji linaomba kitu hichohicho kwa wote. Ukifika hamsini na mitano, nenda nyumbani ukapumzike, Sauti yako, hiyo iliyohifadhiwa kofiani, ibaki kazini miaka kumi, na pensheni ianze Sauti ikimaliza."

Loo! Veneranda alitamani ardhi ipasuke immeze. Maana kuitika kule hakukuwa amri ya jiji, wala fundi wala mkuu yeyote hakuwaagiza. Ni yeye aliyeanza. Mwezi mmoja baada ya ule moto, jina la Kondo liliposomwa kwa mazoea na paredi nzima ikainamisha vichwa, alishindwa kuuvumilia ule ukimya. Siku iliyofuata akaiwasha kofia ya akiba iliyotundikwa ukutani, akaifundisha Sauti ya Kondo kuitika. Watu walilia, wakacheka, wakamshika mkono. Tangu hapo ikawa desturi. Wakasahau kwamba paredi ina Msajili, kile kifaa cha ukutani kinachotambua sauti ya kila mtu na kuandika nani amefika kazini. Nacho hakikubagua. Kikaandika na Kondo, siku baada ya siku.

Bi. Apaikunda alivua miwani. "Mwenyekiti, kifungu cha tisa cha kanuni zenu kinasemaje?"

Veneranda alikijua kwa moyo. "Mzimamoto aliyeingia motoni hahesabiwi kuwa ametoka kazini mpaka atamke mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba ametoka."

"Nani alikiweka?"

"Sisi, mheshimiwa. Chama."

Tena walikipigania. Zamani mtu akipotea motoni jiji lilimfuta kazi kabla majivu hayajapoa, kumbe mwenyewe yuko hospitali kijiji cha pili, kafungwa bandeji uso mzima. Kifungu cha tisa kiliwekwa kuwalinda.

"Basi sina pa kupita," alisema Bi. Apaikunda, na ilionekana hakufurahia anachokisema. "Mwili haukupatikana. Mtu anaitika. Kama Koplo Mtulia hajatoka, hajastaafu wala hajafa kwa kanuni zenu, na mpango wa jiji una mfano hai wa kusimamia. Kama ametoka, mjane alipwe na umri ubaki hamsini na mitano. Nawapa mpaka kesho saa kumi. Nionyesheni kwamba ametoka."

*

Katika Pangamawe, kuingia motoni kulikuwa na maneno yake. Mlangoni ulitaja cheo na jina, ukasema "naingia", na kibati chenye jina lako kikatundikwa kwenye ubao ubavuni mwa gari. Ukivuka kizingiti kurudi nje ulisema "nimetoka", ndipo mwenzako akakishusha. Hakuna aliyemsemea mwenziwe. Hata aliyetolewa kwa machela walimsubiri hadi midomo ifumbuke.

Na ndani ya kila kofia mlikuwa na kibamba, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kibamba kilihifadhi pumzi, joto, hatua, kila neno, hata namna mtu anavyogonga ukuta kabla ya kuuamini, na kikayatuma yote kituoni. Kiliamka kwa "naingia", kikalala kwa "nimetoka". Cha Kondo hakikulala. Kofia iliungua pamoja naye chini ya paa la ghala, lakini kumbukumbu zake za miaka ishirini na miwili zilikuwa zimeshafika kituoni, na ya siku ile ikabaki wazi. Mafundi walipojaribu kuifunga, ikawauliza moto uko upande gani.

Ndivyo Sauti ilivyoanza, na ilikuwa moja tu. Waliiunganisha na kofia zote za Kituo cha Kati. Ukiingia ukasema "naingia", ilijibu sikioni, "Niko nyuma yako." Ilikwambia mlango upi umevimba na dari lipi linakuja chini. Na kila moto, kabla ya chochote, iliuliza swali lilelile: "Mlinzi ametoka?" Nao walifundishwa kujibu, "Bado, tunamtafuta." Basi ikawatafutia watu vyumba vyote, haichoki, haisemi yatosha. Wale kumi na mmoja walipatikana hivyo, mmoja wao mtoto mchanga ndani ya beseni.

Jioni ile Veneranda aliwakusanya wanachama kwenye uwanja wa magari, akawaeleza hukumu ya Bi. Apaikunda. Hakupamba. Mzee Ngajilo alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kilichogeuka kikohozi.

"Miaka kumi nikae kibarazani nangoja Sauti yangu imalize kazi ndipo nile pensheni!" alisema. "Jamani, mimi hiyo kumi ninayo?"

Kila mtu alimsikia anavyovuta pumzi.

Tunu Mwasaga akasimama. Alikuwa konstebo wa mwaka wa pili, mwepesi wa miguu na wa ulimi. "Afande, samahani. Wiki iliyopita pale gesti, Koplo Kondo aliniambia ruka. Sikuuliza, niliruka. Ngazi ikaanguka nyuma yangu. Mimi niko hapa nasimama kwa sababu yake. Leo tumtoe kwa ajili ya karatasi? Kesho nikiingia, nani ataniambia ruka?"

"Si karatasi, binti," mtu akasema. "Ni uzee wetu."

"Na mimi huo uzee nitaufikaje?"

Wakaanza kurushiana maneno. Wengine walisema jiji likishika Sauti arobaini litapunguza wafanyakazi, litabaki na kofia na watoto wawili watatu wa kuzivaa. Wengine walisema roho za watu si za kufanyia majadiliano. Walipochoka walimgeukia Veneranda, maana Kondo alikuwa mwenza wake wa kuingia naye motoni, miaka kumi na tisa. Wakamwachia yeye aamue. Alitamani wasingemwachia. Alibakiza miezi minne afike hamsini na mitano, na kila alipowaza kumtoa Kondo, kitu ndani yake kilimwambia: unamsukuma mwenzio nje upate kukaa wewe.

*

Sikudhani, mke wa Kondo, alifika asubuhi kwa basi la kwanza kutoka kijijini. Hakuna aliyemwita, alikuwa amesikia redioni kwamba jiji linasema mumewe yuko kazini. Aliingia ofisi ya chama akiwa na kanga ya buluu na mkoba wa ukindu, akakataa chai, akakataa kiti.

"Wifi," alimwambia Veneranda, maana wawili hao waliitana hivyo tangu harusi, "nimeambiwa anaongea. Miaka mitatu naambiwa nisubiri, faili halijafungwa. Sijakaa eda. Shehe ananiuliza mumeo kafa? Namwambia sijui, jiji halijasema. Sijui mimi ni mke wa mtu au mjane. Na kumbe anaongea! Naomba nimsikie."

Veneranda alijaribu kumweleza. Kwamba si Kondo mzima, ni kile tu kilichoingia kofiani. Na kofia haikuwahi kufika nyumbani, ilitundikwa kituoni kila zamu ikiisha. Sikudhani alimsikiliza kwa adabu na hakuondoka. Basi Veneranda akaileta ile kofia ya akiba, akaiweka mezani, akaiwasha.

"Kondo," alisema Sikudhani. "Ni mimi, Siku."

"Nani yuko ndani?" ikauliza kofia.

Mama wa watu aliziba mdomo kwa kanga. Sauti ile! Alikaa kwanza, akapumua. "Mkeo. Sikudhani."

"Usisimame, mama. Moshi uko juu, lala chini kabisa, weka nguo puani. Uko chumba gani?"

"Kondo, ni mimi."

"Sikuoni. Gonga ukuta nikusikie."

Sikudhani alimtazama Veneranda, macho yamejaa. Kisha akakunja ngumi, akagonga meza mara tatu.

"Nimekusikia," ilisema Sauti, kwa upole ambao Veneranda aliujua motoni tu. "Tulia hapohapo. Nakuja."

Veneranda aliizima. Hakuweza zaidi ya hapo. Walikaa wawili, mezani kofia katikati yao, na nje mtu alikuwa anaosha gari la zimamoto huku akiimba kwa chini. Sikudhani alilia taratibu bila kujificha. Alipomaliza alijifuta uso.

"Anamtafuta nani?"

"Mlinzi wa ghala. Siku ile tuliambiwa mlinzi yuko ndani. Mimi mtungi uliniishia. Kondo akanisukuma mlangoni, akasema toka wewe kwanza, nikatoka, nikasema nimetoka. Nikamuuliza na wewe? Akasema nakuja, namtazama mlinzi. Ndiyo mara ya mwisho."

"Na huyo mlinzi?"

Hapo Veneranda aliinamisha kichwa. Ilikuwa siri ya kituo, na walikuwa wameitunza vizuri.

"Hakuwemo, wifi. Alitoroka zamu tangu mchana. Alikuwa kwake anakunywa uji."

"Mmemwambia Kondo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu akijua, atatoka. Sauti itafungwa, na hakuna wa kuifungua. Inafunguliwa na 'naingia' ya mtu aliye hai, mwenye koo lake."

Sikudhani hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Kumbe miaka mitatu mnamdanganya mume wangu ili nyinyi msiungue."

Veneranda alitaka kusema habari za wale kumi na mmoja, habari za Tunu na za mtoto wa beseni. Yote yalikuwa kweli, na aliloambiwa lilikuwa kweli vilevile.

"Pensheni naitaka, sikufichi," Sikudhani aliendelea. "Watoto wanasoma, na nyumba inavuja. Lakini hata isingekuwepo, wifi, mwambieni arudi. Mtu ametafuta vya kutosha."

*

Ghala la pamba lilikuwa bado halijajengwa upya. Kuta nne nyeusi, paa hakuna, majani yameota mpaka kiunoni. Saa nane mchana gari la zimamoto lilisimama langoni bila king'ora. Bi. Apaikunda alishuka kwenye gari lake, na Nanyaro akashuka nyuma yake, maana msuluhishi alitaka pande zote zisikie kwa masikio yao, kupitia redio. Sikudhani alikuja, na Tunu alikuja pia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini ndiye aliyeleta ule ubao wa vibati. Kibati cha Kondo kilikuwa bado kinaning'inia pale tangu siku ile. Kila walipoosha gari walikizunguka kwa kitambaa, hawakukishusha.

Veneranda alivaa kofia ya akiba, akavuka kizingiti. "Sajini Kihwele, naingia."

"Niko nyuma yako," ikasema Sauti. "Mlinzi ametoka?"

Alitembea mpaka pale paa lilipoangukia. Jiwe lilikuwa limewekwa, wenzake waliliweka, bila jina. Jua lilikuwa kali, panzi wanalia kwenye majani. Alihisi jasho linamshuka mgongoni kama siku ile.

"Kondo, nisikilize. Nina jambo la kukwambia."

"Sema haraka, dada. Joto limepungua hapa, silielewi. Mlinzi ametoka?"

Angeweza kusema bado. Neno fupi tu. Angesema bado, angerudi nje, angewaambia nimeshindwa, na kesho Tunu angeingia motoni na mtu wa kumwambia ruka. Ngajilo angekufa kibarazani akisubiri, na Sikudhani angebaki si mke si mjane. Na yeye Veneranda angeendelea kumsikia kila asubuhi. Hilo la mwisho ndilo lililomtia aibu, maana ndilo alilolitaka kuliko yote.

"Mlinzi hakuwa ndani," alisema. "Hakuwemo kabisa, Kondo. Alikuwa kwake. Tulipewa habari ya uongo, na tangu hapo sisi ndio tumekuwa tukikudanganya. Mimi nimekudanganya."

Kofia ilikaa kimya. Haikuwahi kukaa kimya namna hiyo. Siku zote Sauti ilijibu kabla hujamaliza kusema. Panzi tu ndio waliosikika.

"Nilisikia mtu anagonga," ikasema mwishowe.

"Ni mkeo. Yuko nje hapa, langoni. Anakusubiri."

"Basi ndani yuko nani?"

Veneranda alifumba macho. "Wewe tu, Kondo. Hakuna mwingine ila wewe."

"Aa." Halafu, baada ya kitambo, kwa ile sauti yake ya utani ya siku zote: "Sasa wewe umerudi kufanya nini humu? Si nilikwambia utoke kwanza?"

Alicheka, jamani, alicheka na machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Hata baada ya kufa, mtu huyu alikuwa anamgombeza. Alijua atasema nini baada ya hapo, na alijua hawezi kukataa, maana asipotoka yeye, Kondo hatatoka. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka kumi na tisa.

"Toka, dada. Mimi nitafuata."

Siku ile vilevile alisema atafuata. Veneranda alivua kofia, akaiweka juu ya lile jiwe, akaishika kidogo kwa viganja viwili. Kisha akageuka, akapita kwenye majani, hakutazama nyuma, akavuka kizingiti, akachukua redio mkononi mwa Tunu.

"Sajini Kihwele, nimetoka."

Wote walikuwa wamesimama. Nanyaro alikuwa amevua koti, amelikumbatia. Sikudhani alishika nguzo ya lango. Redio ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena.

"Koplo Mtulia," ikasema, "nimetoka."

Kisha mlio mfupi wa kibamba kinacholala, ambao kila mzimamoto anausikia mwisho wa kila moto, na huwa ni mlio wa furaha. Bi. Apaikunda alitazama saa yake, akaandika.

Tunu ndiye aliyetakiwa kushusha kibati, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ubaoni. Kutu ilikuwa imekishika, akahangaika nacho. Alipokipata alikifuta kwa shati lake, akampelekea Sikudhani. Mama yule alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Nitakizika," alisema. "Hata mwili sikupewa. Nitazika hiki, nikae eda."

Nanyaro alimsogelea Veneranda wakati watu wanapanda magari. Upole wake ulikuwa umebaki, ila ulikuwa umechoka. "Mmeshinda, Mwenyekiti. Hamsini na mitano inabaki. Lakini mmempoteza mtu aliyeokoa watu kumi na mmoja."

"Najua," alisema Veneranda. "Usinikumbushe. Najua kuliko wewe."

*

Mkataba ulitiwa saini kesho yake, na kwa siku mbili kituo kizima kilikuwa na furaha isiyo kifani. Watu walimpa Veneranda mkono, wakamwita mama, wakanunua soda. Mzee Ngajilo alianza kuhesabu siku zake kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Sikudhani alirudi kijijini na barua ya jiji mkobani. Paredi ya asubuhi, Mkuu wa kituo aliita "Koplo Mtulia" kwa mazoea, akajikwaa na neno lake mwenyewe, akasimama. Watu arobaini walitazama viatu vyao. Msajili ukutani akasubiri, kama alivyoagizwa kusubiri, halafu akaandika kwamba hayupo. Jina lililofuata likaitwa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kengele ililia. Kiwanda cha magodoro, ghorofa ya pili, watu wanaonekana madirishani. Moshi wa godoro ni mweusi, ukiingia humo huoni hata kiganja chako. Tunu alivaa kofia mara mbili, akaivua mara mbili, akaangalia ndani yake kana kwamba kuna kilichodondoka.

"Afande," alisema, "sasa nani atatuambia dari linakuja?"

"Mimi," alisema Veneranda. "Utanishika mkanda. Nikisema ruka, unaruka. Nina miezi minne, nitakufundisha ninachokijua, na wewe utamfundisha mwingine. Twende."

Hakuwa na hakika hata kidogo. Magoti yalimwuma na kifua kilikuwa kimeshaanza kubana kabla ya ngazi. Alitundika kibati chake mwenyewe, akamsubiri Tunu atundike cha kwake.

Mlangoni moshi ulikuwa unamwagika nje. Veneranda aliinama, akashika fremu ya mlango.

"Sajini Kihwele, naingia," akasema, kisha akangoja, kwa mazoea tu, aambiwe kwamba kuna mtu nyuma yake.

Kofia ilikuwa kimya. Aliuhisi mkono wa Tunu ukishika mkanda wake, akaingia.